Namba ya Yaya Jacob Ndani ya Kajeu

Mpendwa mushauri wa redio, Mama Gracieuse, naomba musaada, na naomba unijibu mbio, juu siku ya samedi, jumamosi hii, inakuja na mi usingizi ilishanikimbia, hata sombe, majani ya muhogo anapika bibi yangu wa ndoa, napitisha tu kwa koo bila kusikia chumvi. Mi ni mutu wa Butembo, niko na myaka makumi tano na mbili, masomo niliachaka primaire ya tano, mais mikono yangu iliendelea paka université, hiyo kila mutu wa soko anaijua. Niko na meza yangu ya kutengeneza matorche, maredio, machargeur, hata miavuli. Kulikuwaka padri mumoja kule Kasugho, redio yake ilikufa, mafundi wa Goma wakashindwa, mi nikaitengeneza na kijiko na waya ya kufungia chupa ya muvinyo, na tangu siku ile ikaanza kushika Japon, paka padri mwenyewe akarudi kuniomba nipunguze kidogo, juu alikuwa anachoka kusikia Kijaponi wakati wa kula. Sisemi hiyo kwa kujisifu. Nasema ili ujue kosa nilifanya haikutoka kwa mutu asiyejua kazi.

Sasa sikia. Yaya yangu Jacob, mukubwa wangu wa tumbo moja, alikuwa mwalimu kule Kanyabayonga. Alikuwa na kajeu. Ni kale kamashini ka zamani ka kuchezea, ka rangi ya majivu, kanaenea ndani ya mukono kama kipande ya sabuni ya kufulia, kako na kaécran kadogo ka kioo, musalaba wa kuongoza upande wa kushoto na maboutons mbili za kufinya upande wa kuume. Alikanunua Kayna kwa mutu aliyetoka safari, wakati binti yake Joyeuse hajazaliwa bado. Ndani kuko kaseti moja tu, mchezo wa lori inapanda mulima, unaruka mashimo, unaokota mifuko, na mwisho wanahesabu point, wanaandika jina yako kwa herufi tatu. Njo hiyo tu. Mutu wa leo mwenye telefone kubwa atacheka.

Mais asicheke mbio. Wakati tulikimbia vita kule Kanyabayonga, mi nikiwa nimemutembelea, yaya aliacha vitanda, aliacha mbuzi, aliacha hata diplome yake kwa ukuta, kajeu kalikuwa ndani ya mufuko ya koti. Telefone zetu zote zilizimika siku ya kwanza. Kajeu na pile zake ine, betri za redio, kalienda semaine nzima, siku saba. Kalianguka toka juu ya lori ya maharagwe, lori ikiwa inatembea, kakagonga jiwe, kakapata tu alama kwa kona, na ile jiwe, Mama, mi nilirudi kuiangalia, ilikuwa imepasuka. Hakaombi réseau ya simu, hakaombi unités za kupigia, na hakuna mutu anaweza kukupigia ndani yake akuletee habari mubaya. Tulilala ndani ya classe ya masomo kule Lubero, bato makumi ine, na kila asubuhi yaya na Joyeuse walikuwa wanakaa kwa mulango wanacheza zamu kwa zamu, huyu anakufa anamupatia mwenzake, na bato waliopoteza kila kitu walikuwa wanazunguka wale bawili kusema ruka, ruka, shimo iko mbele.

Ubaya wake nao uko. Écran haina mwangaza, lazima ukae unaangalia jua kama mujusi. Bouton ya kuruka inashika, ukiifinya inachelewa kurudi, juu yaya aliifinya myaka makumi mbili na kidole ile ile, imelala upande moja na inang'aa kama kisigino. Na ubaya wa tatu njo ulinimaliza. Kaseti haina akili yake yenyewe. Inakumbuka tu juu ya kapile kadogo kama ka saa, kamefichwa ndani, kameshonwa na soudure, ile risasi ya kuyeyusha. Kale kapile kakitoka, kila kitu kinatoka.

Mwaka jana yaya alifikia point 87 420. Aliandika JAC. Akaambia Joyeuse, mi nikiwa pale: "Siku utapita hii namba, wewe njo mukubwa wa nyumba, mi nitaanza kukuomba ruhusa ya kutoka." Joyeuse yuko na myaka kumi na tisa, anasomea uuguzi kule Beni. Ule mutoto ni mukali kwa ule mchezo kupita baba yake, nilimuona na macho yangu anafika 87 000 na anaanguka ndani ya shimo kwa makusudi. Nikamuuliza. Akasema, "Papa mudogo, bado. Nitamupita siku nitaleta diplome."

Yaya akafa mbele diplome haijafika. Presha ya damu kupanda, siku mbili kwa kitanda, akaenda.

Kwetu vitu vya marehemu havigusiwe paka siku ya kutosha matanga, siku ya kumaliza kilio, na ya yaya njo hii samedi. Unajua. Tata Sikuli, muzee wa jamaa yetu, alitia vitu vya yaya ndani ya mufuko, akafunga na kitambaa nyeusi, fundo yake mwenyewe, akanipatia mbele ya bato bote. Akasema, "Kahongya, ulinde. Siku ile tutafungua pamoja, na kajeu ni ya Joyeuse." Nikaitika. Pale matanga mi njo nilisimamia maneno, mi njo nilichekesha bato, hapana mutu aliniona na machozi, bato walisema kumbe huyu ni mwanaume.

Donc mufuko ikakaa kwangu miezi miwili. Halafu siku moja kwa meza niko naongea na Lusenge, yule anauzisha mavitu ya telefone pembeni yangu. Nikamuambia juu ya 87 420. Akasema naongeza, eti kila kitu nasema lazima ugawanye na tano. Mama, pale mi nilikuwa nasema kweli, kweli tupu, na ndiyo siku hakuniamini. Nikaenda nyumbani, nikafungua fundo, nikaleta kajeu, nikawasha. JAC, 87 420. Lusenge akaisoma mara mbili, akaamini. Ningerudisha pale, leo ningekuwa nalala.

Mais Lusenge akageuza ile kaseti, akasema, "Fundi, kapile ka ndani ni ka myaka makumi mbili. Kanaweza kufa mbele ya matanga kuisha, utamupatia mutoto zero."

Nikasema nitabadilisha leo leo.

"Wewe? Wewe ni wa miavuli."

Nikashika tournevis, bisibisi yangu.

"Ngoja," akasema, "usitoshe ile ya zamani, iache fasi yake kwanza. Shonea ingine pembeni, zikamate zote mbili, halafu njo utoshe. Bila vile inasahau."

Nikamujibu mutu aliyeshikisha Japon na kijiko hafundishwe na muuza vifuniko. Nikapasha fer ya soudure, nikatosha kapile, nikapangusa, nikatia kapya. Kazi safi, dakika ine, hata we ungesifu. Nikawasha. Lori ikatokea, muziki ikalia kama kila siku, na fasi ya jina kulikuwa vijistari vitatu, na fasi ya namba zero, zero, zero, zero, zero.

Lusenge hakucheka, na hiyo iliniumiza kupita kama angecheka. Alisema tu, "Kahongya, vaa koti yako, twende nikakununulie chai."

Sikuenda. Nikasema mi nitairudisha ile namba. Tangu siku ile, semaine saba, kila saa ya mangaribi nakaa nyuma ya nyumba na jua machoni, napanda ule mulima. Bibi yangu anajua, anasema jicho yangu moja ilianza kutoa maji. Kwanza nilikuwa nakufia 9 000. Halafu 30 000. Mama, kuna siku nilicheza paka kuku yangu ikaingia yenyewe kulala, ikanifungia mulango. Nikafika 86 990, nikaandika JAC, nikasikia vibaya, nikaendelea. Shida ni kwamba huwezi kusimama fasi unataka. Shimo inakupa point makumi ine, mufuko inakupa mia moja, na ukifa wanaongeza point za saa, ile saa haihesabike. Nilipita juu ya 87 420 kama mutu anaruka mutaro bila kuona. Jumapili iliyopita nikafika 88 010. Nikaandika JAC. Na sasa ile kubwa njo inakaa juu, haishuke tena, hakuna bouton ya kuomba musamaha.

Ile siku ile ile Joyeuse ananipigia toka Beni. "Papa mudogo, vendredi, siku moja mbele ya matanga kuisha, niko kwa njia. Kajeu kako muzima?"

"Kazima sana."

"Bouton ya kuruka bado inashika?"

"Bado."

Akacheka. Halafu akasema, "87 420. Niliandika kwa kila kaye yangu ya masomo, page ya kwanza. Nikichoka kusoma naiangalia." Akaongeza, "Nitakawasha mbele yenu bote samedi, nionyeshe tata Sikuli."

Mbele yetu bote. Mama, unasikia? Jamaa nzima, na mi njo mulinzi wa mufuko, na fundo nilifunga tena na mikono yangu, inafanana na ya tata Sikuli, mais muzee anafunga kushoto na mi nilifunga kuume, niliona hiyo jana.

Sasa niko na njia mbili na naomba unichagulie. Ya kwanza, nimuambie mutoto kwamba baba yake aliendelea kucheza kisiri mbele ugonjwa haijamushika, akafika 88 010, hakumuambia. Ni furaha kwake, namba ilipanda, si ilishuka. Hakuna mutu wa kukatala, Lusenge nitamufunga mudomo. Ya pili, niseme kapile kalikufa kenyewe, ni ubaya wa mashini, si wangu. Na kwa njia yote mbili niliwaza kesho kutwa nibadilishe ile bouton ya kuruka, niko na moja ya calculatrice, mashini ya hesabu, inaenea muzuri, nikapanguse kote, nikang'arishe, ili mutoto akikapokea aone kazi ya papa mudogo wake, akili yake itoke kwa namba.

Yule mutoto njo kitu yaya aliniachia. Akiacha kuniita papa mudogo, sijui nitaitwa nani.

Kama utasoma hii kwa redio usitaje jina yangu. Mais ukisema tu "fundi mumoja mukubwa sana wa Butembo", hapana ubaya.

Ni mi, Kahongya.

*

Ndugu yangu, jina yako nimeificha kama uliomba. Ya kuitwa fundi mukubwa tutaongea siku ingine.

Nilisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nikaona mwanaume wa myaka makumi tano na mbili amekaa nyuma ya nyumba, jua machoni, semaine saba, anapanda mulima wa ndugu yake. Unasema hakuna mutu aliona machozi yako pale matanga, ulikuwa unachekesha bato. Basi bibi yako anaona jicho yako inatoa maji. Usidanganye kwamba ni jua. Ulimupoteza mukubwa wako na hukumulilia, ukatafuta kazi ya mikono ya kuweka pale. Pole sana. Nasema pole kutoka ndani.

Sasa kamata kiti yako, juu pole imeisha.

Njia zako mbili zote ni moja. Zote ni uongo, ya kwanza tu imevaa koti ya siku ya mungu, ya kwenda kanisa. Wasema 88 010 ni furaha kwa mutoto. Fikiri muzuri. Joyeuse atasoma myaka yake, ataleta diplome, atakaa chini kumupita baba yake kama walipatana, na atakimbiza namba ya nani? Yako. Atatoka jasho, atapita mashimo yako, na siku atashinda atalia kwa furaha kwamba amepita Jacob, kumbe amepita papa mudogo wake. Huyo mutoto aliangukaka ndani ya shimo kwa makusudi ili asimupite baba yake kabla ya wakati. Mutu wa heshima namna ile, wewe unataka kumuuzishia kitu ya bandia mbele ya jamaa yote?

Na kapile, ukaache. Kajeu kako na ubaya, umeutaja wewe mwenyewe: ukikatosha kapile, kanasahau. Mais wewe uko na ubaya mwingine, unakumbuka hata vile havikufanyika. Kapile kalishika ile namba paka siku ulikagusa. Lusenge alikuambia namna ya kufanya. Hukushindwa juu ulikosa akili, ulishindwa juu alikuita wa miavuli. Na kuna ubaya gani kuwa wa miavuli? Butembo inanyesha kila siku.

Tena usimufunge Lusenge mudomo. Mutu ambaye ana nafasi ya kukucheka na anakuitia chai ni rafiki. Ukamunywee hiyo chai.

Sasa utafanya hivi, na ufanye kwa hii mupango.

Leo, si kesho, peleka mufuko kwa tata Sikuli. Usingoje aone fundo. Mupatie na mikono miwili, useme, "Tata, hii fundo si yako, ni yangu, nilifungua." Atakasirika. Wazee wako na haki ya kukasirika, utainamisha kichwa paka amalize. Anaweza kukunyima kusimamia maneno samedi. Ukubali. Ukae nyuma, pamoja na bato wengine, na pengine pale nyuma utaweza kulia kama ndugu ya marehemu, badala ya kuwa musemaji wake.

Vendredi, uwe kwa parking mbele gari ya Beni haijafika. Usimuache mutoto afike nyumbani kwa bato wengi kwanza. Mubebee begi, mutafute fasi ya kukaa, mupatie kitu ya kunywa. Halafu useme maneno machache: nilifungua, nilitosha kapile, namba ya baba yako ilifutika, ile utaona juu ni yangu. Hapo unyamaze. Usitie Lusenge ndani. Usitie padri wa Kasugho wala Japon. Najua itakuwasha kuanza kueleza soudure. Unyamaze. Kama analia, mwache alie. Kama anaondoka na gari ingine, usimukimbilie, mwambie tu utamungoja kwa tata Sikuli. Siwezi kukuahidi atakuita papa mudogo ile siku. Pengine atakaa miezi. Utangoja ile miezi. Mais nakuahidi hii: akijua ukweli kwa kinywa chako, atakuwa na mutu wa kukasirikia. Akiujua samedi mbele ya bato, atakuwa amepoteza baba mara ya pili na baba mudogo pamoja.

Ile JAC ya 88 010, usitafute namna ya kuifuta. Kila mara unagusa unapoteza kitu. Huyo mutoto njo ataamua, kuiacha ao kutosha kapile yeye mwenyewe na kuanza na zero. Na usiseme namba imekufa. 87 420 iko kwa kila kaye yake, page ya kwanza, mwandiko wake mwenyewe. Siku ya diplome atajua mwenyewe amepita wapi.

Sasa neno ya mwisho, na njo ilinifanya nijibu barua yako mbele ya zingine zote. Mutoto alikupigia toka Beni. Aliuliza nini kwanza? Hakuanza na namba. Aliuliza kama kajeu kako muzima, halafu kama bouton ya kuruka bado inashika. Wewe ukasema bado, na akacheka. Ile bouton imelala upande moja na inang'aa kama kisigino, umeandika wewe mwenyewe, juu kidole ya Jacob iliifinya myaka makumi mbili. Namba, kila mutu anaweza kuifikia, hata wewe uliipita. Ile alama ya kidole hakuna mutu anaweza kuitengeneza tena, hata fundi wa Japon.

Kwa hivyo ile bouton ya calculatrice, irudishe kwa calculatrice. Tournevis, mwachie bibi yako aifunge paka lundi, matanga ikiwa imeisha. Na kama mikono inakuwasha, kuna muavuli wangu hapa kwa studio, vijiti viwili vimevunjika. Kuja uichukue.